Kanisa la Rabai: Kituo cha Wamishenari na Jumuiya ya Watoro

Malindi na Mombasa zilikuwa zimeujua Ukristo kwa karibu karne tatu na nusu kabla ya Rabai kupata kanisa, lakini Ukristo zilioujua ulikuwa wa merikebu na ngome. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, mapadre wakafuata nyuma ya mabaharia, na Francis Xavier, aliyekuja kuheshimiwa na Wakatoliki kama mtakatifu, alipita hapo mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa. Kisha mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, na kwa muda ikaonekana kwamba dini yao ingeota mizizi nyuma ya kuta zake. Haikuota. Uasi wa Sultani Yusuf bin Hasan mwaka 1631, na baadaye kuanguka kwa ngome mikononi mwa Waomani mwaka 1698, viliufuta Ukristo huo kiasi kwamba wamishenari wa karne ya 19 hawakukuta hata nyumba moja ya waumini wa kuanza nayo. Kwa hiyo historia ya Ukristo unaoendelea kuishi katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi haianzi ufukoni, bali juu ya vilima vya Rabai, kilomita zipatazo 20 kutoka Mombasa kuelekea bara, na mwaka unaotajwa kuwa wa kuasisiwa kwake ni 1846.

Mwaka huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kuasisiwa kwa kituo si sawa na kuzaliwa kwa kanisa. Kituo cha misheni ni nyumba, shamba, chumba cha ibada na Mzungu mmoja au wawili wanaolipwa kutoka ng'ambo. Kanisa, kwa maana ya jumuiya ya waumini, ni watu waliobatizwa ambao wanasali pamoja, wanaoana, wanazikana na kuwarithisha watoto wao imani hiyo. Rabai ilipata kituo mwaka 1846, ila jumuiya ilikuja polepole sana, na ilipokuja iliundwa zaidi na watu ambao majina yao hayamo katika vichwa vya sura za vitabu vingi: mzee mmoja wa Kirabai na mwanawe, vijana Waafrika waliolelewa India, na mamia ya watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa.

Chama kilichokiasisi kituo hicho ni CMS, yaani chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza kilichoundwa London mwaka 1799, ambacho katika miongo yake ya mwanzo kilikosa Waingereza wa kutosha waliokuwa tayari kwenda mbali, hivyo kikawachukua Wajerumani waliofunzwa katika seminari ya Basel nchini Uswisi. Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen, alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi Ethiopia kuanzia mwaka 1837 hadi njia ya huko ilipofungwa, ndipo akageukia pwani ya Waswahili, akafika Unguja Januari 1844 na kupewa na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, barua ya kumtambulisha kwa maliwali. Miezi michache baadaye alikuwa Mombasa pamoja na mkewe Rosine, ambaye Julai mwaka huohuo alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na Krapf akawaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara ya kuanza kwa kazi na si ya kukoma kwake, maneno ambayo tangu wakati huo yamerudiwa katika karibu kila historia ya Ukristo wa Kenya.

Mombasa yenyewe ilikuwa mji wa Kiislamu wenye wanazuoni wake, na Krapf aliona mapema kwamba asingepata nafasi hapo. Hivyo akawaelekea Wamijikenda, makabila tisa yanayokaa kwenye ukanda wa vilima nyuma ya pwani, ambayo kwa asili yaliishi katika kaya, yaani vijiji vyenye boma vilivyofichwa ndani ya msitu mtakatifu na kuongozwa na baraza la wazee. Johannes Rebmann, kijana kutoka Gerlingen katika nchi ileile ya Württemberg, alimfuata Juni 1846, na tarehe 25 Agosti wawili hao, wote wakiwa dhaifu kwa homa, wakapanda kilima cha Rabai Mpya na kuanza kukaa huko kwa idhini ya wazee. Idhini hiyo ndiyo jiwe la kwanza la msingi, ingawa kumbukumbu za taasisi aghalabu huisimulia kama jambo dogo la utaratibu. Wazee wa Rabai walizoea kupokea wageni na kuwalinda, kwani kaya zao zilikuwa na mapatano ya biashara na ulinzi na Waswahili wa Mombasa na pia na Wakamba waliopita na misafara ya pembe. Mgeni mpya aliyekuja na barua ya Seyyid, bila silaha na bila madai ya ardhi kubwa, hakuwa tishio, na huenda angekuwa na manufaa. Walimkaribisha mtu, wala hilo halikuwa na maana kwamba wameikubali dini yake.

Kazi ambayo kituo kilifanikiwa nayo haraka ni ya lugha na jiografia. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka wake wa kwanza Mombasa, akachapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 1849; taarifa zao za theluji chini ya jua la ikweta zilibishaniwa vikali na wataalamu wa Ulaya waliokuwa hawajafika. Yote hayo yaliipa Rabai umaarufu mkubwa ulimwenguni, lakini hayakumleta mtu kanisani.

Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu ambaye jamii yake haikumtegemea kwa kazi wala kwa vita, na aliyepokea ubatizo mwanzoni mwa miaka ya 1850 akiwa kitandani, karibu na kufa. Muongo mzima ukapita kabla ya kupatikana waumini wa kudumu, nao walikuwa mzee Abe Gunja, aliyebatizwa kwa jina la Abraham, na mwanawe Nyondo aliyeitwa Isaac. Uchache huu umeelezwa mara nyingi na wamishenari kuwa ni ugumu wa mioyo, maelezo yasiyoridhisha. Katika Rabai ya wakati huo, mtu mzima alikuwa ni mtu wa kaya: ukoo, rika, haki ya shamba, sadaka za kuomba mvua, tembo la mnazi lililonywewa pamoja katika mazishi na arusi, vyote vilikuwa kitu kimoja, na kujiondoa katika kimoja kulikuwa ni kujiondoa katika vyote. Kijana aliyekataa sadaka ya mvua hakuonekana kuwa amebadili imani tu, bali kuwa amewatupa jamaa zake wakati wa kiangazi. Si ajabu basi kwamba wa kwanza kuingia walikuwa mlemavu asiyekuwa na cha kupoteza, na mzee ambaye umri wake ulimpa uhuru wa kufanya alitakalo.

Krapf, aliyeota mnyororo wa vituo kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, hakuwa na subira ya hali hiyo, na aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann, kinyume chake, aliamini katika kukaa, na alikaa miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani, akamzika mkewe Emma mwaka 1866, na akajishughulisha na kamusi, ikiwamo ile ya Kinyasa aliyoikusanya kutoka kwa mtumwa aliyeitwa Salimini na ambayo ilichapishwa mwaka 1877. Krapf alirejea kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kufungua kituo chao Ribe, kilima cha jirani, chini ya Thomas Wakefield. Ribe ina historia yake nzito, na haitafuatiliwa hapa.

Mabadiliko ya kweli yalianza mwaka 1864, na yalitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Kwa miaka mingi manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na watoto waliookolewa hawakurudishwa kwao bali walipelekwa Bombay. Baadhi yao wakalelewa katika makazi ya CMS karibu na mji wa Nasik, chini ya mmishenari William Salter Price, wakafundishwa kusoma, kuandika, useremala, uhunzi na dini. Watu hawa, walioitwa Waafrika wa Bombay, walijua Kiingereza na Kihindi, na wengine wao waliwahi kusafiri na David Livingstone, akiwamo Jacob Wainwright aliyefuatana na maiti yake hadi Uingereza mwaka 1874. William Henry Jones na Ishmael Semler waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann, na George David naye akawa mmoja wa waliofungua njia hiyo. Walikuwa Waafrika, lakini si Warabai; walikuwa Wakristo, lakini si Wazungu; na kwa sababu hiyo walisimama mahali ambapo hakuna mwingine angeweza kusimama. Jones hasa, aliyetekwa utotoni kutoka upande wa Ziwa Nyasa, aliufahamu utumwa si kwa kuusoma katika taarifa za London.

Ujumbe wa Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1872 kumshurutisha Sultani Barghash wa Unguja apige marufuku biashara ya watumwa baharini, ndio uliokifanya chama cha CMS kiitazame upya pwani hii. Frere alipendekeza makazi ya watumwa walioachwa huru yafunguliwe Afrika yenyewe badala ya Bombay, na Price akaja kuyasimamia. Mwaka 1875 yakaanzishwa Frere Town, upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambako kengele ya kuonya watu wasivamiwe ilikiachia kitongoji jina la Kengeleni. Mwaka huohuo Rebmann, ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka, aliondoka akishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, na mwaka uliofuata akafariki Ujerumani. Kanisa alilowaachia wenzake lilihesabika kwa vidole.

Katika muda wa miaka 15 tu hali ikageuka kabisa, na waliogeuza ni watoro, yaani watumwa waliotoroka mabwana zao. Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini haukugusa utumwa wenyewe, na kilimo cha nafaka cha Malindi na Takaungu, kilichokuwa kikistawi, kilihitaji mikono mingi. Habari kwamba kuna mahali ambapo watu weusi waliokombolewa wanalima shamba lao wenyewe zilienea upesi kuliko mahubiri yoyote. Watoro walianza kumiminika Rabai, Ribe, na hata katika makazi ambayo hakuna Mzungu aliyeyaongoza. Mfano mkubwa ni Fuladoyo, bara ya Malindi, karibu na mto Sabaki, ambapo mwishoni mwa miaka ya 1870 Wakristo Wagiriama, wakiongozwa na Abe Ngoa na David Koi, waliwapokea watoro na kuunda nao kijiji cha sala. Mwaka 1883 kijiji hicho kilishambuliwa na David Koi akauawa. Waanglikana wa Kenya humkumbuka kama shahidi wao wa kwanza.

Msimamo wa chama kuhusu watoro ulikuwa, kwa uchache wa kusema, wa pande mbili. Kwa maandishi, wamishenari waliahidi kutowapokea, kwa kuwa sheria ya Sultani ilimhesabu mtumwa kuwa mali na balozi wa Uingereza hakutaka ugomvi na matajiri wa Mombasa. Kwa vitendo, wengine walifumba macho, na Jones, aliyesimamia Rabai kwa nyakati tofauti, hakuwafukuza. Ni haki kusema kwamba, katika jambo hili, wasaidizi waliolipwa kidogo kuliko wenzao wa Ulaya waliielewa Injili waliyoihubiri kwa upana kuliko waliowaajiri. Haifai hata hivyo kuyageuza makazi ya misheni kuwa pepo: Frere Town iliwahi kuwa na msimamizi aliyewachapa watu viboko kwa ukali uliowaudhi hata maafisa wa Uingereza, na maisha ya waliokombolewa yaliongozwa kwa kengele, kwa vipande vya kazi na kwa ruhusa, kiasi kwamba baadhi yao walitoroka tena.

Mwaka 1885 James Hannington, askofu wa kwanza wa dayosisi iliyoitwa Ikweta ya Mashariki, aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi, ambalo ni ngazi ya kwanza ya utumishi uliowekwa wakfu katika kanisa la Kianglikana. Walikuwa Waafrika wa kwanza kulipata katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Miezi michache baadaye askofu huyo alianza safari ya Uganda kupitia nchi ya Wamaasai, akimchukua Jones pamoja naye. Hannington alitangulia na kikosi kidogo, akauawa Busoga Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, na Jones, aliyeachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyewarudisha wapagazi hadi Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886, baada ya mwendo wa mamia ya maili. Habari za kifo cha askofu zilijaza magazeti ya Uingereza. Uongozi wa shemasi aliyewarudisha watu salama haukupewa nafasi kama hiyo.

Ugomvi kuhusu watoro ulifikia kilele mwaka 1888, wakati Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekodishwa pwani na Sultani, ilipokuta kwamba Waarabu na Waswahili wenye mashamba walikuwa tayari kwa vita. George Mackenzie, msimamizi wa kampuni, alifanya hesabu ya mfanyabiashara: ni rahisi kulipa kuliko kupigana. Watoro waliokuwa katika vituo vya misheni waliandikishwa, wakaonekana kuwa zaidi ya 1,400, wengi wao wakiwa Rabai, na fidia ya takriban pauni 3,500 ikagawanywa kwa mabwana waliokuja kuthibitisha madai yao. Tarehe 1 Januari 1889, palepale Rabai, watu hao walipewa hati za uhuru. Kama kuna siku ambayo jumuiya ya Rabai ilipata kusimama kisheria na kijamii, ni hiyo, ingawa sherehe za kumbukumbu zimezoea kuhesabu miaka kuanzia Agosti 1846.

Kanisa lililotokana na hapo lilikuwa la namna ya pekee. Waumini wake wengi walitoka katika makabila yaliyotawanyika kutoka Nyasa, Uyao na Umakua, hawakuwa na ukoo wa pamoja wala kaya ya kurudi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho Warabai wenyewe walikitumia kwa biashara tu. Kwa hiyo kanisa likachukua kazi za ukoo: mchungaji au katekista, yaani mwalimu wa wanaojiandaa kwa ubatizo, ndiye aliyesimamia mahari, aliyesuluhisha magomvi ya mashamba na aliyewatafutia mayatima walezi. Wenyeji waliwaita Wamisheni, na jina hilo lilibeba heshima na dharau kwa kipimo sawa; walikuwa na shule, nguo na ufundi, lakini ardhi waliyolima ilikuwa ya kukaribishwa. Henry Binns, mmishenari aliyefika mwaka 1876 na kukaa pwani kwa miongo kadhaa, aliijenga Rabai ya shule na ibada za kila siku juu ya msingi huo. Warabai asilia walianza kuingia kwa wingi baadaye, na mara nyingi kwa mlango wa shule, hasa baada ya njaa kubwa ya mwisho wa karne na baada ya reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, kupita Mazeras chini ya kilima chao na kuwafungulia vijana kazi za karani na fundi. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria pwani mwaka 1907.

Kutoka Rabai matawi yalienea kaskazini. Douglas Hooper alifungua kituo Jilore, juu ya Sabaki, mwaka 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 Kaloleni ikawa makao ya kazi kati ya Wagiriama, ikiwa na shule na baadaye hospitali. William Taylor, ambaye mwaka 1891 alichapisha mkusanyo wa maneno ya Kigiriama na mwingine wa methali za Kiswahili, alikuwa amewatangulia wenzake kwa masikio. Kanisa lilikua taratibu, na upinzani wa mwaka 1913 na 1914 dhidi ya wakoloni, ulioongozwa na Mekatilili wa Menza, pamoja na kulipuliwa kwa Kaya Fungo na serikali ya kikoloni, uliwafanya Wagiriama wengi wawatazame watu wa misheni kwa shaka kwa miaka mingi. Hata hivyo shule ya Kaloleni ilimtoa Ronald Ngala, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1923 na ambaye alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa siasa za kudai uhuru. Frere Town nayo ilitoa chuo cha wahubiri kilichohamishiwa Limuru mwaka 1930, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's, na ilitoa kalamu ya James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa mwaka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi.

Makanisa mengine yalipokuja, yalikuta njia imekwisha kufyekwa. Wabaptisti kutoka Marekani, walioanza kazi nchini Kenya mwaka 1956, hawakuhitaji kuunda maandishi ya Kiswahili wala kueleza maana ya ubatizo kwa mara ya kwanza, ijapokuwa walikuwa na tofauti kubwa ya mafundisho: kwao anayebatizwa ni mtu aliyekiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, naye huzamishwa majini mwili mzima, na kila kanisa hujitawala bila askofu. Waanglikana kwa upande wao waliacha kuwa chini ya London hatua kwa hatua, wakawa jimbo la Afrika Mashariki mwaka 1960 na la Kenya pekee mwaka 1970, chini ya Askofu Mkuu Festo Olang'.

Mwaka 1994 Makavazi ya Taifa ya Kenya ilifungua jumba la makumbusho Rabai, na nyumba za Krapf na Rebmann zikahifadhiwa karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda, zikiwamo za Rabai, katika orodha ya urithi wa dunia, hivyo wazee waliotoa idhini ya mwaka 1846 nao wana kumbukumbu yao rasmi mwendo mfupi kutoka hapo. Waliopokea hati za uhuru mwaka 1889 wamezikwa katika makaburi ya misheni, na wazao wao, ambao sasa wameoana na Warabai, Wagiriama na Waribe kiasi cha kutotenganishwa kwa urahisi, ndio wanaojaza viti vya kanisa hilo.